Anga Lilitakata, Lakini Nani Aliyelipa?



Mapema mwezi wa Aprili, 2020, wakazi wa mji wa Jalandhar, katika jimbo la Punjab kaskazini mwa India, walipanda juu ya paa za nyumba zao wakaona jambo ambalo vijana wengi wa mji ule hawakupata kuliona tangu wazaliwe. Kwa mbali, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, ilijitokeza safu ya milima ya Dhauladhar, ambayo ni sehemu ya milima mikuu ya Himalaya, vilele vyake vikiwa vimefunikwa na theluji. Wazee walisema kwamba hawakuwa wameiona milima hiyo kutoka pale kwa miongo kadhaa. Milima haikuwa imehama. Kilichoondoka ni pazia la moshi na vumbi lililotanda kati ya macho ya watu na milima yao, likazoeleka kiasi cha kudhaniwa kuwa ndiyo rangi ya mbingu yenyewe.

Pazia hilo liliondoka kwa sababu kazi zilisimama. Jioni ya tarehe 24 Machi, 2020, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alilitangazia taifa kwamba kuanzia saa 6 za usiku ule nchi nzima ingefungwa kwa muda wa siku 21 ili kuzuia maradhi ya Korona yasienee. Toka tangazo hadi amri kuanza zilibaki saa zipatazo 4 tu. Watu zaidi ya bilioni 1.3 waliamriwa kukaa majumbani. Viwanda, ofisi, shule na masoko vikafungwa. Treni za abiria, mabasi na ndege zikasimama. Kazi za ujenzi zikakoma. Amri hiyo iliongezwa muda mara kwa mara hadi mwisho wa mwezi wa Mei.

Kwa wataalamu wanaochunguza hewa, siku zile zilikuwa jaribio ambalo hakuna maabara iliyoweza kulifanya, wala serikali ambayo ingelithubutu kwa makusudi. Kwa miaka mingi pamekuwa na mabishano: je, uchafu wa hewa katika bonde la mto Ganga wasababishwa na viwanda, au magari, au vumbi la majangwa, au majiko ya maskini? Kila mwenye mali alinyooshea kidole mali ya mwenzake. Ghafla, karibu kila mtambo ulizimwa kwa wakati mmoja, na hewa ikatoa ushahidi wake mbele ya walimwengu wote. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuupima ushahidi huo kwa uangalifu: nini kilithibitika, nini hakikuthibitika, na nani hasa aliyelipa gharama ya mbingu ile ya buluu.

Kwanza yafaa ieleweke ni kitu gani kinachopimwa. Hewa ya miji mikubwa hubeba uchafu wa aina nyingi, lakini mbili zatosha kwa maelezo haya. Ya kwanza ni chembechembe laini, zile ambazo upana wake hauzidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa binadamu ni mpana kuliko chembe hiyo kwa kadiri ya mara 30. Kwa udogo wake, chembe hizi hupita puani na kooni bila kuzuiwa, hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Hizi ndizo zinazohusishwa na kiharusi, maradhi ya moyo, na maradhi ya mapafu. Aina ya pili ni gesi iitwayo naitrojeni dioksidi, ambayo hutoka hasa katika injini za magari na katika mitambo ya kufua umeme.

Tofauti kubwa kati ya aina hizi mbili ni umri wake. Gesi ya naitrojeni dioksidi huishi hewani kwa saa chache tu. Kwa hiyo huonekana karibu na pale ilipozaliwa, na ikizimwa injini hutoweka upesi. Chembechembe laini huweza kukaa hewani kwa siku nyingi, na upepo ukazibeba mamia ya kilomita. Kwa maneno mengine, gesi humshitaki jirani wa karibu, lakini chembechembe huweza kuwa zimetoka jimbo la mbali au hata nchi nyingine. Bila kuijua tofauti hii, mtu hawezi kuyaelewa yaliyotokea mwaka 2020.

Dalili za kwanza zilionekana China. Mji wa Wuhan, wenye watu wapatao milioni 11, ulifungwa tarehe 23 Januari, 2020, na haukufunguliwa hadi tarehe 8 Aprili. Setilaiti za mashirika ya anga ya Marekani na Ulaya, ambazo hupima gesi hiyo kutoka juu, zilionyesha kwamba naitrojeni dioksidi ilipungua sana juu ya eneo kubwa la mashariki na kati ya China. Hali hiyo hiyo ilionekana juu ya kaskazini mwa Italia mwezi wa Machi, na baadaye juu ya miji mingi ya dunia, kwa mfuatano ule ule ambao nchi zilifunga milango yake.

Zamu ya India ilipofika, mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi kwa kuwa uchafu wenyewe ulikuwa mkubwa zaidi. Katika jiji la Delhi, ambalo kwa miaka mingi limetajwa miongoni mwa miji mikuu yenye hewa chafu kuliko yote duniani, chembechembe laini zilipungua kwa karibu nusu zikilinganishwa na majira yale yale ya mwaka 2019, na naitrojeni dioksidi ilipungua vivyo hivyo au zaidi. Shirika la NASA la Marekani, likiangalia kwa setilaiti jinsi chembechembe zinavyozuia mwanga wa jua, lilieleza kwamba katika juma la kwanza la amri ile kiasi cha chembechembe juu ya kaskazini mwa India kilikuwa cha chini kuliko ilivyopata kuonekana katika majira hayo kwa muda wa miaka 20.

Hata hivyo, mchunguzi mwaminifu hakimbilii hukumu. Karibu na tarehe 27 Machi, mvua kubwa ilinyesha katika sehemu nyingi za kaskazini mwa India, na kila mtu ajua kwamba mvua huosha anga. Je, haikuwa mvua tu iliyosafisha hewa? Jibu lilipatikana katika siku zilizofuata. Kwa kawaida, baada ya mvua kama ile, uchafu hurudi upesi kwa kuwa magari na viwanda huendelea kuumwaga. Safari hii haukurudi. Mvua ilifagia ua, na hakukuwa na mtu wa kumwaga takataka upya. Kwa upande mwingine, kusini mwa India chembechembe hazikupungua kwa kiasi kile kile, ijapokuwa amri ilikuwa moja kwa nchi nzima. Hili lafundisha kwamba upepo, mvua, joto na mioto ya mashambani vina sauti yake. Ndiyo maana wataalamu hawalinganishi tu wiki moja na iliyotangulia, bali huilinganisha na tarehe zile zile za miaka iliyopita, kisha hukadiria kwa hesabu sehemu iliyotokana na hali ya hewa.

Baada ya hesabu zote hizo kufanywa, ukweli mmoja ulibaki umesimama. Sehemu kubwa ya uchafu wa anga la kaskazini mwa India ni kazi ya mikono ya binadamu, na mikono ikitulia, anga hutakata kwa muda wa siku, wala si kwa karne. Kauli ya kwamba hali ile ilikuwa majaliwa ya nchi, au adhabu ya jiografia, ilikosa nguvu tangu siku ile milima ilipoonekana Jalandhar.

Jiografia ina sehemu yake, lakini ni sehemu ya chombo, wala si ya kilichomo. Nchi tambarare ya mito ya Indus na Ganga yaanzia Pakistan, yapita Punjab, Haryana, Delhi, Uttar Pradesh na Bihar, hadi Bangladesh. Kaskazini yake umesimama ukuta wa Himalaya. Wakati wa baridi, hewa ya chini hupoa na kuwa nzito, na juu yake hewa yenye joto zaidi hukaa kama kifuniko cha chungu. Upepo huwa hafifu. Moshi unaotoka katika mji mmoja hauna pa kwenda ila mji wa pili. Kwa hiyo nchi ile yote ni kama nyumba moja yenye vyumba vingi na paa moja. Anayewasha kuni chumba cha mwanzo humtoa machozi aliyelala chumba cha mwisho. Mkuu wa jiji anaweza kusafisha barabara zake zote, na bado wananchi wake wakakohoa kwa moshi wa wilaya isiyo yake. Mwaka 2020 kila chumba kilizima moto wake kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu nyumba nzima ilipata nafuu.

Lakini si kila moto uliozimwa, na katika hili limo funzo ambalo wengi walilipita bila kuliona. Mjini Beijing, katikati ya kufungwa kwa shughuli za China, ilitokea siku za ukungu mzito wa uchafu, mnamo Januari na Februari, 2020, barabara zikiwa tupu. Watu wengi walishangaa. Wataalamu waliochunguza walieleza kwamba hewa ilikuwa imetulia na yenye unyevunyevu mwingi. Kwamba mitambo ya umeme, ya kupasha nyumba joto na viwanda vizito kadhaa haikusimama. Na kwamba kupungua kwa gesi za magari kulibadili mizani ya kikemikali hewani, ozoni ikaongezeka na kusaidia gesi zilizobaki kugeuka kuwa chembechembe mpya. Kaskazini mwa Italia vilevile, gesi za magari zilipungua sana kuliko chembechembe, kwa kuwa nyumba ziliendelea kupashwa joto, na kilimo na ufugaji havikusimama. Ng'ombe hasomi tangazo la Serikali. Samadi na mbolea ziliendelea kutoa amonia, ambayo hewani huungana na gesi nyingine na kuzaa chembechembe.

Ozoni nayo yastahili maelezo. Ozoni iliyo juu sana angani ni ngao ya binadamu dhidi ya jua, bali ile iliyo karibu na ardhi huunguza mapafu na hudhuru mazao. Moshi wa injini una gesi ambayo, pamoja na ubaya wake, huila ozoni hiyo. Magari yaliposimama, mlaji alipungua, na katika miji mingi ozoni ya chini iliongezeka badala ya kupungua. Hapo ndipo inapoonekana kwamba hewa si kama taa yenye swichi moja. Ni mizani yenye sahani nyingi, na anayeondoa jiwe katika sahani moja bila kuzitazama nyingine huweza kuinamisha upande asioutarajia.

Na nchini India kwenyewe, moto mmoja ambao amri haikuuzima ni ule wa jikoni. Mamilioni ya kaya za vijijini ziliendelea kupika kwa kuni, mabua na samadi kavu, kama ilivyokuwa kabla. Watafiti kwa muda mrefu wamehesabu moshi wa majiko hayo miongoni mwa vyanzo vikuu vya chembechembe laini katika nchi ile. Tena mwaka ule wanafamilia wote walikuwa nyumbani mchana kutwa. Mama aliyepika kwa kuni, na mtoto aliyekaa ubavuni pake badala ya kuwa darasani, hawakuiona mbingu ya buluu ndani ya jiko lao.

Sasa yafaa kuuliza swali la pili, ambalo vyombo vya kupimia havikuweza kulijibu. Nani aliyelipa?

Viwanda na majengo ya miji ya India huendeshwa kwa jasho la vibarua kutoka majimbo ya mbali, kama vile Bihar, Uttar Pradesh na Jharkhand. Hawa hulipwa kwa siku; wengine hulala pale pale kazini. Amri ilipotoka, kazi ilikatika siku moja, na ujira ukakatika nayo. Mabasi na treni vilikuwa vimekwisha kusimamishwa. Basi wakajitwika mizigo kichwani, wakabeba watoto mabegani, wakaanza kutembea kwenda makwao, mamia ya kilomita, kando ya barabara kuu zilizokuwa tupu chini ya anga lililotakata. Treni maalumu za kuwarudisha vibarua zilianza tarehe 1 Mei, zaidi ya mwezi mmoja baada ya amri. Kwa hesabu za Serikali ya India yenyewe, watu zaidi ya milioni 10 walirejea katika majimbo yao katika kipindi kile.

Asubuhi ya tarehe 8 Mei, 2020, karibu na mji wa Aurangabad katika jimbo la Maharashtra, vibarua 16 wa kiwanda cha chuma waliuawa na treni ya mizigo. Walikuwa wakifuata reli kwa miguu ili wakapande treni ya kuwapeleka kwao Madhya Pradesh. Uchovu uliwazidi, wakalala juu ya reli, wakiamini kwamba katika nchi iliyofungwa hakuna treni ipitayo. Mikate ya chapati waliyoibeba kwa safari ilikutwa imetapakaa relini.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, Bunge la India lilipouliza idadi ya vibarua waliofariki dunia katika safari zile za kurudi makwao, Serikali ilijibu kwamba haikuwa na takwimu hizo. Watumishi wa umma wanaelewa uzito wa jibu la namna hiyo. Chembe ndogo kuliko unywele ilihesabiwa kila saa, katika kila mji mkubwa, na kwa setilaiti kutoka angani. Mtu aliyeanguka barabarani hakuhesabiwa. Kitu kisichoandikwa katika daftari hakiingii katika bajeti, na kisichoingia katika bajeti hakina mtetezi.

Kwa hiyo wale waliosema wakati ule kwamba Korona imekuwa neema kwa mazingira, au kwamba dunia imepumua, walisema nusu ya jambo. Dunia ilipumua kwa kuwa kibarua alikosa mkate. Hewa iliyosafishwa kwa njaa ya mtu asiye na akiba ni hewa ya mkopo, na mkopo huo huchukuliwa kwa jina la maskini bila ya kumwuliza. Mwenye nyumba yenye bustani alifungua dirisha akasikiliza ndege wakiimba. Aliyetoka jasho kuijenga nyumba ile alikuwa barabarani.

Mkopo ule ulidaiwa upesi. Shughuli ziliporudi, uchafu ulirudi. Mwezi wa Novemba, 2020, miezi michache tu baada ya milima kuonekana, Delhi ilikuwa tena katika kiwango cha hatari, macho yakiwasha na koo zikikereketa, na hili lilitokea maradhi ya Korona, ambayo nayo hushambulia mapafu, yakiwa bado yanaenea. Hewa ukaa, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha kuongezeka kwa joto duniani, ilitoa funzo kali zaidi. Kiasi kilichomwagwa na dunia nzima mwaka 2020 kutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi kilipungua kwa asilimia 5 hivi, na mwaka 2021 kikapanda tena. Lakini kiasi kilichokwisha kujikusanya angani hakikupungua hata kidogo. Kiliendelea kupanda, kwa kuwa gesi hii hukaa angani kwa muda mrefu sana, na kupunguza kasi ya bomba si sawa na kulitoa maji pipa lililojaa.

Kwa nini uchafu ulirudi? Kwa sababu hakuna chombo kilichobadilishwa. Mtambo wa makaa ya mawe ulizimwa, kisha ukawashwa ule ule. Lori liliegeshwa, kisha likaondoka na injini ile ile. Na mkulima wa Punjab alivuna kwa utaratibu ule ule.

Habari za mkulima huyu zafaa kusimuliwa, maana zaonyesha jinsi moshi unavyoweza kuzaliwa na sheria nzuri. Tangu mapinduzi ya kilimo ya miaka ya 1960, Punjab na Haryana zimekuwa ghala la nafaka la India, zikilima mpunga na ngano kwa kupokezana katika shamba moja. Mpunga ulinyonya maji ya chini ya ardhi hadi visima vikaanza kukauka. Mwaka 2009 ilitungwa sheria ya kukataza kupandikiza mpunga kabla ya mwezi wa Juni, ili mvua za masika ya huko zisaidie kumwagilia. Nia ilikuwa njema. Lakini kupanda kulipochelewa, kuvuna nako kulichelewa, na kati ya kuvuna mpunga na kupanda ngano zikabaki siku chache tu. Mashine za kuvunia huacha mabua marefu shambani. Kuyang'oa ni gharama, kuyachoma ni kiberiti kimoja. Moto wa mamia ya maelfu ya mashamba ukawa unawaka mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, wakati ule ule ambao kifuniko cha hewa ya baridi kinaanza kushuka juu ya nchi tambarare. Maji yaliokolewa kwa kiasi, mapafu yakalipa. Idara ya maji na idara ya hewa hazikuwa zimeketi meza moja.

Je, hakuna njia nyingine isipokuwa kufunga nchi? Ipo, na India yenyewe imepata kuionyesha. Kwa amri ya Mahakama ya Juu ya nchi ile iliyotolewa mwaka 1998, mabasi yote ya Delhi yaligeuzwa kutoka dizeli na kutumia gesi asilia, na kazi hiyo ikamalizika mwishoni mwa mwaka 2002. Mabasi hayakusimamishwa; yalibadilishwa mafuta. Mwaka 2016 ulianzishwa mpango wa kuwapatia wanawake wa kaya maskini gesi ya mitungi ya kupikia, na kufikia mwaka 2019 kaya milioni 80 zilikuwa zimeunganishwa. Shida ya mpango huo ni kwamba mtungi wa kwanza ukiisha, kaya nyingi hukosa fedha za kuujaza, zikarudi kwenye kuni. Ni jambo la kuangaliwa kwamba katika miezi ya kufungwa nchi, Aprili hadi Juni, 2020, Serikali iliamua kulipia mitungi kwa kaya hizo. Katika kipindi kile cha dhiki, hicho kilikuwa kitendo kimoja kilichoelekea kusafisha hewa ya maskini bila ya kumnyima kazi.

Mwezi wa Oktoba, 2020, India iliunda pia Tume ya kusimamia hewa ya Delhi na majimbo ya jirani ya Punjab, Haryana, Rajasthan na Uttar Pradesh, na sheria yake ikapitishwa na Bunge mwaka 2021. Wazo lake ni sahihi: hewa haina mipaka ya utawala, basi mamlaka ya kuitunza nayo lazima yavuke mipaka hiyo. Utekelezaji umekuwa mgumu. Mwezi wa Novemba, 2024, moshi mzito ulizifunika tena Delhi kwa upande wa India na Lahore kwa upande wa Pakistan, shule zikafungwa pande zote mbili. Walimu walifunga madarasa safari hii kwa ajili ya moshi, kama walivyofunga mwaka 2020 kwa ajili ya maradhi. Nchi hizo mbili, zilizogawana ardhi mwaka 1947, hazijaweza kugawana hewa, maana hewa haigawanyiki.

Funzo hili lawahusu watu wa Afrika Mashariki kwa njia iliyo wazi. Tanzania haikufunga nchi mwaka 2020 kama ilivyofanya India, ingawa shule na vyuo vilifungwa kwa miezi kadhaa kuanzia Machi. Lakini ule moto ambao amri ya India haikuuzima, yaani moto wa jikoni, ndio moto wa nyumba nyingi za Tanzania, ambako kuni na mkaa vingali nishati kuu ya kupikia. Mwezi wa Mei, 2024, Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa miaka 10 wenye shabaha ya kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na taasisi zinazolisha watu wengi, zikiwamo shule, zimetakiwa kuachana na kuni na mkaa. Mkakati huo utapimwa kwa swali lile lile la India: mtungi wa kwanza ukiisha, nani atakayeujaza wa pili? Na mwenye kuchoma mkaa kijijini, akiambiwa aache, atakula nini? Mipango isiyo na jibu la maswali hayo hugeuka kuwa amri ya kumfungia kabwela riziki yake, hata kama imeandikwa kwa maneno mazuri.

Mwalimu anayefundisha sayansi anayo katika habari hizi mifano hai ya mvuke, upepo, kemia na jiografia. Anaweza kuwapeleka wanafunzi wake katika jiko la shule, akawaonyesha masizi ukutani, akawauliza kama yaleyale hayamo katika kifua cha mpishi. Mtumishi wa umma naye anayo kazi yake. Anapoandika waraka wa kulinda maji, aulize waraka huo utafanya nini kwa hewa. Anapopiga marufuku jambo, ahesabu kwanza watu watakaolala njaa kwa marufuku hiyo, na majina yao yaingie katika daftari kabla ya amri kutoka, wala si baada ya Bunge kuuliza.

Ndugu wasikilizaji, milima ya Dhauladhar haikuondoka baada ya mwezi wa Mei, 2020. Ingali pale pale, nyuma ya pazia. Wakazi wa Jalandhar sasa wanajua kwamba ipo na kwamba yaweza kuonekana, na mtu aliyekwisha kuona haambiwi tena kwamba hakuna cha kuonwa. Siku itakapoonekana tena huku viwanda vikifanya kazi, mabasi yakipita barabarani, na kibarua akirudi nyumbani jioni na ujira wake mfukoni, hapo ndipo itakapofaa kusema kwamba hewa imesafishwa.